Nani Ashike Ufunguo? Usafi wa Vyoo na Uwezo wa Mwanamke

Kiswahili kina tafsida tele za choo na matumizi yake: msala, maliwato, kwenda haja, kujisaidia. Hiyo ni adabu njema. Hata hivyo, adabu isiwe pazia la kuficha dhiki ya mwanamke aishiye mahali pasipo na choo.

Kwanza, dhiki hiyo haiwaelemei wote sawa. Mwaka 2010, shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Ilibainika kwamba wengi waliogopa kwenda chooni usiku kwa kuhofia kubakwa, maadamu vyoo vilikuwa mbali na nyumba zao. Baadhi walilazimika kutumia mifuko ya plastiki na kuitupa nje. Fauka ya hayo, mwanamke hupata hedhi, hubeba mimba, na aghalabu ndiye amuuguzaye mtoto anapoharisha.

Pili, wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Choo kikisanifiwa na wanaume pekee, ni rahisi kusahau komeo la ndani, taa ya njiani na mahali pa kutupia sodo. Mjini Pune, India, kuanzia mwaka 1999, vikundi vya wanawake vya Mahila Milan vilishiriki kusanifu, kujenga na kusimamia vyoo vya umma kwa ushirikiano na manispaa. Katika miradi hiyo, wanawake walitengewa upande wao, na watoto wakapata vyoo vyao vidogo wasivyoviogopa.

Nchini Kenya, mfano ulio karibu ni vituo vya bayogesi vilivyojengwa Kibera na vikundi vya wenyeji kwa msaada wa shirika la Umande Trust. Chini ya jengo huwa na shimo lenye umbo la kuba, ambamo kinyesi huoza pasipo hewa na kutoa gesi ya kupikia. Watumiaji hulipa ada ndogo, nacho kikundi husimamia mapato. Hivyo, choo huwa pia chanzo cha nishati na fedha.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Ikiwa mwanamke atapewa ufagio ilhali mwanamume anashika ufunguo na daftari la fedha, mradi utakuwa umemwongezea kazi tu isiyo na ujira. Uwezo huja anapokuwa na kauli kuhusu mahali pa kujenga, kiasi cha ada na matumizi ya faida.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Haki hiyo haitatimia kwa matofali na saruji pekee. Kila kamati ya choo inapoundwa, swali la kwanza na liwe: wanawake wangapi wameketi mezani, na ufunguo uko mkononi mwa nani?