Zlatan na Oliech: Kipaji Wote Walikuwa Nacho, Ngazi Ndio Tofauti

Maze, kama umewahi kupita Elgon View pale Eldoret, unajua ile mijumba. Geti kubwa, ukuta mrefu, na mingine mwenyewe alitoa doh kwa kukimbia marathoni huko majuu. Sasa mwambie mzae wa mtaa kama huo kwamba hutaki kukimbia, unataka kuwa strika. Atakucheki tu, anyamaze. Si eti anachukia boli. Kuna kitu anajua, na stori ya Zlatan Ibrahimović inakionyesha vizuri.

Sahau kwanza ule mdomo wake. Zlatan alizaliwa 1981 Malmö, Uswidi, baba Mbosnia, mama Mkroatia. Alilelewa Rosengård, mtaa wa wahamiaji. Ukipima na Eldoret, hiyo ni Langas, si Elgon View. Alianza timu kubwa ya Malmö FF 1999, na mwaka huo huo timu ikashuka daraja. Wasee wengi hupotelea hapo. Yeye alipiga ligi ya pili, wakapanda 2000, na 2001 Ajax wakamchukua.

Kutoka hapo ni kupanda tu: Juventus 2004, Inter 2006, Barcelona 2009, Milan 2010, PSG 2012, Manchester United 2016. Kwa Uswidi alifunga mabao 62 kwa mechi 122. Zile nne alizopiga Uingereza Novemba 2012, pamoja na ile tikitaka ya mbali, bado watu huzitafuta YouTube. Ligi ya Mabingwa ndiyo hakuwahi kubeba.

Aprili 2017 goti likakatika, akiwa na miaka 35. Ungedhani ni kwisha. Novemba alikuwa amerudi uwanjani. Akaenda LA Galaxy, akarudi Milan, akabeba ligi ya Italia 2022, na akatundika daluga Juni 2023 akiwa na miaka 41.

Sasa mleta wetu, Dennis Oliech. Alitoka Mathare United akaenda Al-Arabi ya Qatar akiwa bado tineja. Februari 2, 2004, siku aliyofikisha miaka 19, alifunga Kenya ikinyoa Burkina Faso 3-0 kule Tunisia, ushindi wetu wa kwanza kabisa AFCON. Baadaye Nantes, halafu Auxerre. Harambee Stars aliipa mabao 34. Septemba 2010 hizi stori mbili zikakutana: Auxerre ya Oliech ilienda San Siro kwa Ligi ya Mabingwa, Milan wakashinda 2-0. Zote mbili Zlatan.

Lakini cheki miaka. Zlatan akiwa na 34 alikuwa anaingia Old Trafford. Oliech akikaribia 34, Januari 2019, alikuwa anajiunga na Gor Mahia baada ya kukaa nje miaka kadhaa.

Usidhani Oliech hakuwa na kipaji. Msee wa Malmö timu ikishuka bado ana kocha, uwanja, ligi ya pili inayolipa na mawakala wanaokuja kuangalia. Goti likienda, klabu ina daktari. Hiyo ndiyo ngazi. Hapa kwetu mchezaji huruka kutoka chini hadi majuu bila vidato vya katikati, na akiteleza hakuna cha kushika.

Wakimbiaji wa huku walijijengea ngazi yao: shule kama St Patrick's Iten, kambi kama za Kaptagat, makocha wanaojua kijana wa miaka 16 anapumzika lini. Ndio maana mzae wa Elgon View anaelewa mbio.

So kama wewe ni strika wa mtaa, usiulize tu kama una kipaji. Uliza maswali ya mzae: nikifika 17 nani ataniona? Timu ikishuka nitacheza wapi? Goti likienda nani atalipa? Ukipata timu yenye majibu, ng'ang'ana nayo, hata kama jezi yake si ya kupiga nayo picha.