Mwitaji na Kitendakazi: Maelezo ya Kiisimu Kuhusu Wito Katika Lugha ya ABAP

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwandishi wa programu za biashara anavyoviita vitendakazi vilivyomo tayari katika lugha anayoitumia, na kuonyesha kwamba jambo hilo, ingawa hudhaniwa kuwa la wahandisi peke yao, linamhusu pia mwanaisimu wa Kiswahili. Mfano wetu ni ABAP, lugha ya programu za kampuni ya SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Kwa lugha hiyo huandikwa programu za mishahara, ghala na malipo ya makampuni makubwa.

Kitendakazi, neno lenye umbo la kipazasauti na kinasasauti, ni kipande cha programu kilichokwisha kutungwa na kupewa jina. Hupokea kitu, hukifanyia kazi, kisha hurudisha jibu. Anayekitumia hana haja ya kujua kilivyotungwa. Yampasa kujua jina lake na namna ya kukiita.

2. Aina mbili za wito

Aina ya kwanza ni vitendakazi vilivyo sehemu ya lugha yenyewe. Hivi huitwa kwa kutaja jina na kutia kipokewa katika mabano:

(1) strlen( 'ng''ombe' )

Kazi ya strlen ni kuhesabu urefu wa neno, na jibu lake hapa ni 7. Huhesabu alama, wala si fonimu wala silabi: ng', ambayo kwetu ni konsonanti moja, kwake ni alama tatu. Tena ritifaa imeandikwa mara mbili, kwa kuwa katika maandishi ya namna hii ritifaa moja ingesomwa kuwa ndiyo mwisho wa neno.

Aina ya pili huhifadhiwa katika maktaba ya mfumo, na wito wake ni sentensi kamili inayomalizika kwa nukta:

(2) CALL FUNCTION 'SPELL_AMOUNT'
      EXPORTING amount = kiasi
                currency = 'KES'
                language = lugha
      IMPORTING in_words = maneno
      EXCEPTIONS not_found = 1
                 too_large = 2.

Kitendakazi hiki hugeuza kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa tarakimu kiwe maneno, kama inavyotakiwa katika hundi. Tazama kwamba kila kijalizo kimetajwa kwa jina la dhima yake. Kwa hiyo ndani ya kila fungu mpangilio si kitu, kama vile sisi tunavyoweza kusema "kitabu mtoto amekisoma" bila kumfanya mtoto kuwa ndiye aliyesomwa.

EXPORTING ni vile anavyopeleka mwitaji, na IMPORTING ni vile anavyoletewa. Lakini ndani ya kitendakazi chenyewe majina hayo hugeuka: kilichopelekwa na mwitaji huko huitwa kilicholetwa. Ni kama vitenzi vyetu leta na peleka, ambavyo huchaguliwa kwa kutazama msemaji amesimama wapi. Wanaoanza kujifunza hujikwaa hapa mara nyingi.

Fungu la mwisho hutaja mikasa inayotazamiwa, kila mmoja kwa namba yake. Kazi ikienda salama, mwitaji hupata sifuri. Mkasa uliotokea bila kutajwa katika wito huivunja programu nzima.

3. Tatizo la elfu ishirini na mbili

Kijana mmoja mwandishi wa programu alipata kuniuliza, "Mwalimu, 22,000 niiandikeje katika hundi ya Kiswahili?" Nikamjibu bila kusita, "Elfu ishirini na mbili." Akauliza tena, "Na 20,002?" Nikanyamaza.

Tofauti ya kiasi hivyo viwili ni shilingi 1,998, na maneno ni yale yale. Katika mazungumzo, kituo cha sauti na muktadha hutuokoa; hundi haina sauti. Kiingereza hakina utata huu kwa sababu hutanguliza kizidishi na kukifuatisha elfu. Kijerumani nacho kina utaratibu wake, maana hutaja mamoja kabla ya makumi.

Yafuata kwamba kumpa mtunga programu orodha ya maneno kutoka moja hadi milioni hakutoshi. Anahitaji sarufi ya namba. Akiyaingiza maneno yetu katika utaratibu wa lugha nyingine, atapata "ishirini mbili elfu", isiyosemwa na yeyote.

Tunapendekeza kwamba katika hati za fedha kizidishi chenye sehemu mbili kitangulie: ishirini na mbili elfu kwa 22,000, na elfu ishirini na mbili ibakie kwa 20,002. Vivyo hivyo, laki mbili itumike kwa 200,000, ili elfu mia mbili isichanganywe na 1,200. Miundo hii si migeni kwa wasemaji. Kinachokosekana ni kuifanya kuwa kanuni.

4. Hitimisho

Mwitaji hujibiwa kwa kadiri ya sarufi iliyotiwa ndani ya kitendakazi. Tusipoieleza sarufi ya namba zetu waziwazi, mtu mwingine ataikisia kwa niaba yetu, na kisio lake litapigwa chapa katika hundi.