Nyumba ya Pauni 500,000, Shule ya Bure

Mzazi aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea shule nzuri kuwa mbali. Mtoto akifaulu vizuri, hufunga sanduku lake la bati akapanda basi kwenda bweni la mkoa mwingine. Baba yake awe anaishi mtaa wa kitajiri kama Masaki ya Dar es Salaam au wa kawaida kama Mbagala, kinachoangaliwa kwanza ni alama. Ndiyo maana ndugu zetu wengi waliohamia Uingereza hushangaa wanapofika hatua ya kununua nyumba. Katika England, shule ya serikali haitozi ada, lakini foleni ya kuingia mara nyingi hupangwa kwa umbali kati ya nyumba na shule. Ada hulipwa vilevile, ila anayelipwa ni muuza nyumba, pamoja na benki iliyotoa mkopo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzazi hupeleka maombi kwa halmashauri yake, mwisho 31 Oktoba kwa sekondari na 15 Januari kwa shule ya msingi. Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, huwapanga kwa vigezo ilivyotangaza. Watoto wanaolelewa na halmashauri huwa mbele, mara nyingi hufuata wenye kaka au dada shuleni hapo, kisha wanaokaa karibu. Kompyuta hupima umbali kwa mstari ulionyooka, au kwa njia ya miguu pale sheria za shule zinaposema hivyo. Majibu ya sekondari hutoka 1 Machi, ya msingi 16 Aprili.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Dalali akisema nyumba iko “ndani ya eneo la shule”, mteja hufikiri kuna mpaka uliochorwa kwenye ramani. Scotland mipaka ya aina hiyo ipo, na kila anwani ina shule yake. England zipo shule zenye mipaka, lakini nyingi hazina. Kinachoitwa eneo ni umbali wa nyumba ya mtoto wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Mwaka huu wakiomba wadogo wengi wa wanafunzi waliopo, au likijengwa jengo la ghorofa lenye familia changa karibu na shule kuliko kwako, duara la umbali huo hunywea. London zipo shule za msingi ambazo mtoto wa mwisho kupokelewa anaishi chini ya nusu kilomita kutoka shuleni. Nyumba iliyokuwa ndani mwaka jana inaweza kuwa nje mwaka huu, na bei uliyolipa hairudishwi.

Je, bei hiyo ni kiasi gani? Swali ni gumu, kwa sababu mtaa wenye shule nzuri huwa pia na bustani, kituo cha treni na majirani wenye kipato. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alipata njia ya kulijibu huko Massachusetts, Marekani: alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule, zenye mazingira yale yale lakini shule tofauti. Aligundua kwamba shule ikiwa na alama za mtihani zilizo juu kwa asilimia 5, wazazi huwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi. Mwaka 2013 Stephen Gibbons, Stephen Machin na Olmo Silva walitumia njia ya mipaka kwa England. Walipata kwamba ubora wa shule ukipanda kwa mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha kitakwimu cha mtawanyiko), bei ya nyumba hupanda kwa takriban asilimia 3. La kuzingatia zaidi ni kwamba bei hupanda kwa kiasi hicho hicho iwe tofauti inatokana na kazi ya walimu au na uwezo ambao watoto walikuja nao. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipia pia majirani ambao watoto wake watakaa nao darasani.

Tuiweke asilimia 3 kwenye nyumba ya pauni 500,000. Ni pauni 15,000, sawa na ushuru wa stempu ambao mnunuzi mwenye nyumba moja hulipa kwa bei hiyo kwa viwango vya tangu Aprili 2025. Ukiikopa kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 5, utarejesha kama pauni 88 kila mwezi. Ada ya shule binafsi ya kutwa kwa kawaida huzidi pauni 15,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na tangu 1 Januari 2025 imeongezwa VAT ya asilimia 20. Kwa familia yenye watoto watatu hesabu haihitaji kalamu. Isitoshe, shule ikibaki na jina lake, sehemu kubwa ya pesa hiyo itarudi siku ya kuuza. Kwa hiyo simlaumu mzazi anayelipa nyongeza ya asilimia 3. Wasiwasi wangu ni kwa anayelipa asilimia 10 au 15 kwa sababu ya sifa ya shule peke yake.

Sifa huchakaa. Kati ya 2012 na 2020, shule zilizopewa daraja la juu kabisa na Ofsted, taasisi ya ukaguzi wa shule, zilisamehewa ukaguzi wa kawaida. Nyingine zilikaa zaidi ya miaka kumi bila kukaguliwa, huku bango la sifa likining'inia getini na bei za mtaa zikipanda. Msamaha ulipoondolewa, shule 370 kati ya hizo zilikaguliwa upya katika mwaka wa masomo 2021/22, na asilimia 83 zikapoteza daraja hilo. Wengi walikuwa wamenunua nyumba kwa kuangalia cheti cha muongo uliopita. Daraja la jumla la neno moja lilifutwa Septemba 2024, na sasa mzazi analazimika kusoma ripoti yenyewe. Mimi naona hilo ni jambo jema.

Kuwa karibu na shule pia si lazima kukupe nafasi. Takriban thuluthi moja ya shule za serikali England ni za kidini, na nyingi zinapojaa hutanguliza watoto wa waumini wanaohudhuria ibada. Sekondari 163 za kuchagua kwa mtihani hudai mtoto afaulu kwanza, hata kama dirisha la chumba chake linatazama uwanja wa shule. Mnunuzi asome vigezo vya shule kabla ya kukagua jiko.

Muda nao una gharama. Halmashauri hutaka uthibitisho wa anwani, na nyingi hazikubali nyumba inayonunuliwa mpaka mnunuzi na muuzaji wawe wamebadilishana mikataba. Ununuzi England huchukua miezi, kwa hiyo anayeanza kutafuta Agosti kwa ajili ya maombi ya Oktoba amechelewa. Wapo wanaopanga chumba karibu na shule kwa miezi michache huku nyumba yao halisi iko kwingine. Halmashauri huchunguza, na nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa.

Upepo wa soko umeanza kubadilika. Mwaka 2012 walizaliwa watoto 729,674 England na Wales. Mwaka 2023 walikuwa 591,072. Ndani ya London shule za msingi zina viti vitupu, na Hackney ni miongoni mwa maeneo yaliyofunga baadhi yake. Maombi yakipungua, duara hupanuka: nyumba ya mitaa mitatu mbele, yenye bei nafuu, nayo inaweza kupata shule ile ile. Anayenunua leo kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili ana sababu ndogo ya kulipa bei ya 2016, wakati watoto wa 2012 walipoanza shule. Ningemshauri atafute mahali palipozungukwa na shule tatu za kuridhisha badala ya kujibana mlangoni pa moja maarufu. Moja ikishuka au ikijaa, zimebaki mbili.

Anayeumia zaidi katika biashara hii ni mpangaji, ambaye kodi ikipanda huhamishwa mbali na shule na hana nyumba ya kuuza. Halmashauri ya Brighton na Hove ilijaribu kutibu tatizo hilo: kwa wanafunzi wa Septemba 2008 ilianza kugawa nafasi kwa bahati nasibu ndani ya kila eneo la shule badala ya kupima mita. Watafiti waliofuatilia mpango huo hawakuona mchanganyiko mkubwa zaidi wa matajiri na maskini, kwa kuwa mipaka ya maeneo yenyewe iliendelea kuwatenganisha. Tangu 2014 kanuni za udahili zinaruhusu shule kuwatanguliza watoto wa kipato cha chini, na naamini zote zingepaswa kufanya hivyo. Kila inayoamua hivyo hupunguza nafasi zinazogawiwa kwa umbali, na pamoja nazo nyongeza iliyo kwenye bei ya nyumba jirani. Shule inayotaka kubadili vigezo hukusanya maoni kati ya 1 Oktoba na 31 Januari, na uamuzi hufanywa kabla ya Februari kwisha, mwaka mmoja na nusu kabla ya watoto husika kuanza. Nyaraka hizo ziko wazi kwa umma, na mnunuzi anaweza kuzisoma kabla ya kutoa ofa.