Mwanao akitazama ngumi kwenye simu, kaa naye

Litembo, Mbinga. Msimu wa kuchuma kahawa, nyumba nyingi hubaki na watoto mchana kutwa. Wazazi wako shambani, simu imebaki nyumbani ikichajiwa. Katika nyumba moja ya Litembo, simu hiyo ilileta kesi.

Mvulana wa miaka 14 alimpiga mwenzake ngumi mbili za haraka walipokuwa wakicheza. Jino la mbele likang’oka. Alipoulizwa, alisema alikuwa anajaribu alichokiona. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitazama vipande vya mapambano, kimoja baada ya kingine.

Mama yake akaamua simu ifungiwe sandukuni. Lakini baba mdogo wa kijana huyo, ambaye ni mtengeneza tovuti na alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, aliomba apewe jioni moja.

“Shemeji, ukiifungia leo, kesho ataishika ya rafiki yake. Bora aitazame nikiwa nimekaa naye,” alisema.

Jioni ile alianza na kazi anayoijua. Alimweleza kijana kwamba programu za video huhesabu muda anaokaa kwenye kila video. Akikawia kwenye ngumi, ataletewa ngumi nyingine. Akikawia kwenye vita, ataletewa vita. “Simu haijui kama wewe ni mtoto mzuri au mbaya. Inajua tu umekaa wapi muda mrefu,” alimwambia.

Kisha wakazungumzia pambano la Septemba 2018 mjini Birmingham, Uingereza, ambapo Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili. Kijana alikuwa akijua zile ngumi za mwisho tu.

“Nani alimaliza pambano?” baba mdogo aliuliza.

“Mwakinyo.”

“Hapana, mwanangu. Mwamuzi ndiye aliyelisimamisha. Alipoona mmoja hawezi tena kujikinga, aliingia katikati. Siku ile ulipompiga mwenzako, mwamuzi alikuwa nani?”

Kijana hakujibu.

Kwa mtengeneza tovuti huyo, ngumi si uhuni. Ni mchezo wenye kocha, glovu, uzito unaolingana na daktari pembeni. Kipande cha sekunde 20 huondoa hayo yote na kumwachia mtoto kipigo peke yake.

Siasa za dunia nazo zilikuwa kwenye simu hiyohiyo. Kijana alikuwa na hofu kwamba vita ya tatu ya dunia inakuja, kwa sababu ndivyo sauti kwenye video zilivyosema. Baba mdogo hakumcheka. Alimkumbusha mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na bei ya mbolea ikapanda hadi Serikali ikaleta ruzuku kwa wakulima. “Vita ya mbali ilifika kwenye kahawa ya babu yako. Ndiyo maana tunafuatilia habari, lakini kwa kutafuta chanzo chake, siyo kwa kuogopa kila sauti.”

Akaongeza mfano wa pili. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa inayouzwa huko ijulikane imetoka shamba gani, ili isitoke kwenye msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020. Mahali lilipo shamba hupimwa kwa vifaa kama simu.

Asubuhi iliyofuata, wawili hao walilizunguka shamba la babu na simu mkononi, wakiandika vipimo vya kila kona. Babu, aliyekuwa akiiita simu mpoteza watoto, alitembea nyuma yao akiwaonyesha mpaka ulipo.

Jino halikurudi. Jumapili baada ya ibada, kijana alikwenda na mama yake na baba yake mdogo kuomba radhi nyumbani kwa mwenzake, na familia ikakubali kulipa gharama za matibabu. Alitaka mama aseme kwa niaba yake. Mama akakataa, akamwachia aseme mwenyewe.

Simu haikufungiwa sandukuni. Sasa inachajiwa sebuleni, na mchana inakwenda shambani na mama. Video hutazamwa jioni, mtu mzima akiwepo. Na pambano likiwekwa, linatazamwa kuanzia kengele ya kwanza hadi mabondia wanapokumbatiana.