Mbwa Mkubwa Apewe Nani?

"Ni mkali?" Hilo ndilo swali la kwanza analoulizwa karibu kila mtu wa Kisumu anayetangaza kwamba ana mbwa mkubwa anayetafutiwa makao. Umri hauulizwi, wala chanjo, wala kama mnyama amezoea watoto. Mara nyingi anayeuliza ana mjengo Riat au Mamboleo, nyumba haijaezekwa, naye anataka kitu cha kulinda saruji na mabati usiku. Mtu huyo anyimwe, hata kama ndiye pekee aliyepiga simu wiki nzima.

Wengi wa mbwa hawa walinunuliwa wakiwa wadogo wa kubebwa mkononi. Lakini German Shepherd dume akikomaa hufika kilo 30 hadi 40, na Rottweiler dume huweza kupita 50. Kisha mwenyewe anahamishwa kikazi, au mshahara unakatika, au mwenye ploti anasema hataki mbwa. Lango linafunguliwa, mnyama anaachwa ajitafutie. Si wengi wanaojua kwamba hilo ni kosa: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inamtia hatiani anayemtelekeza mnyama wake bila sababu ya maana na kumwacha katika hali ya kuteseka.

Chama cha kutetea wanyama cha KSPCA, ambacho historia yake inaanzia 1910, hakimpi mtu mbwa hivi hivi. Mwombaji hujaza fomu, boma lake hukaguliwa, na mbwa huchanjwa na kuhasiwa kabla ya kuondoka. Tatizo ni kwamba makao yake makuu yako Karen, Nairobi, karibu kilomita 350 kwa barabara kutoka Kisumu. Kwa hiyo anayemwokota mbwa Kondele au Dunga aghalabu hubaki na kazi hiyo mwenyewe, akisaidiwa na daktari wa mifugo na marafiki. Hana fomu, lakini utaratibu wa kwenda kulikagua boma anaweza kuuazima bure.

Akifika huko asibabaishwe na ukubwa wa uwanja. Atazame ardhi. Chini ya mwembe au kando ya ukuta, je, kuna duara la udongo mtupu, nyasi zimekwisha, na katikati kigingi? Hapo pana mbwa aliyeishi kwenye mnyororo, na aliyemfunga ndiye anayeomba mwingine. Mbwa anayefungwa kutwa hawi mlinzi bora. Huwa mwoga na mwenye hasira, na siku mnyororo ukikatika anayeumwa huenda akawa mtoto wa jirani. Inafaa pia kuuliza yule wa kwanza alikwenda wapi. "Alikufa tu" si jibu.

Kisumu iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, lakini ni mji wa joto. Mchana vipimo hukaribia nyuzi 30. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, anapoa kwa kuhema. German Shepherd mwenye manyoya mazito akilazwa kwenye kibanda cha mabati kisicho na kivuli, saa nane mchana yumo ndani ya tanuri. Sufuria ya maji iliyokauka hapo kibandani humweleza mkaguzi mengi kuliko mazungumzo ya nusu saa sebuleni.

Chakula nacho. Ugali na omena ni mlo wa kawaida wa mbwa kando ya ziwa, si mbaya ukiwa wa kutosha. Mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa iliyoondolewa minofu, ule unaokaangwa mtaani Obunga, ni hatari kwa sababu ya mifupa yake. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu agawiwe chakula mara mbili kwa siku na asikimbizwe baada ya kula, maana tumbo lake huweza kujaa gesi na kujipinda, na hali hiyo huua kwa saa chache. Familia inayohesabu unga kwa kikombe iambiwe mapema kwamba mbwa mkubwa hula sana. Kuwa na moyo mwema hakujazi sufuria.

Kuhusu kichaa cha mbwa hakuna mjadala. Kisa cha kwanza cha binadamu kuripotiwa nchini, mwaka 1928, kilitoka eneo hili la ziwa, na Kenya ilipoandaa mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huo ifikapo 2030, Kisumu na Siaya ziliwekwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa asiondoke bila kadi ya chanjo. Anayepelekwa karibu na Bonde la Lambwe, kwenye mbung'o, apate mwenyeji anayejua kwamba jicho la mbwa kuingia ukungu huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa nagana.

Majirani nao waulizwe. Kaloleni, kwa mfano, kuna Waislamu wengi, na katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, ingawa kumfuga kwa ulinzi kunaruhusiwa. Ua likifungwa vizuri, ugomvi unapungua.

Siku za kwanza mbwa huenda akajificha na kususia chakula. Alishwe na mtu mmoja, na wageni wasiletwe kumtazama. Kutulia kwaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe: mbwa asiuzwe wala kupewa mtu mwingine, na akishindikana arudi kwa aliyemtoa. Asiyekubali kutia sahihi asipewe mbwa.