Utafiti wa Fizikia Wakati wa Likizo

Wadogo zangu, wengi wenu mmeniuliza mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu hufanya nini katika likizo kubwa. Nitawajibu kama nilivyoyaona mwenyewe.

Ziko nafasi za utafiti kwa vijana ambao hawajapata digrii. Iliyo mashuhuri ni ya CERN, maabara kubwa iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambayo huwachukua wanafunzi wa mataifa mengi wakati wa kiangazi cha Ulaya. Asubuhi husikiliza mihadhara, kisha kila mmoja hufanya kazi pamoja na kundi la wataalamu. Mwombaji hutakiwa awe amekwisha soma chuo kikuu miaka mitatu hivi, apeleke matokeo yake, barua za waalimu wanaomjua, na maelezo ya sababu zake.

Maelezo hayo ndiyo yaliyonishinda. Mwaka jana niliomba nafasi mahali fulani ng'ambo, nikajaza ukurasa mzima kuisifu sayansi, nikakataliwa. Nilipousoma tena niliona haya: hamkuwa na swali hata moja.

Nikarudi Tanga, nikamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, mkoani kwetu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na nafasi katika friji ilikuwa haba. Naye, badala ya kungoja maziwa aliyoyachemsha yapoe, akayatia yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, aliyekuja kutoka chuo cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne alirudi akalijaribu jambo lile. Mwaka 1969 majina yao wawili yalitokea juu ya makala moja katika jarida la Physics Education.

Basi nami nikaazima friji ya shangazi yangu, Ngamiani, anayogandishia barafu za ukwaju za kuuza. Nilitia makopo mawili sawasawa, maji ya kiasi kimoja, moja la moto na moja la baridi. Nilijaribu mara tano. La moto lilitangulia mara moja tu, siku ambayo sakafu ya friji ilikuwa na utando mnene wa barafu. Nadhani lile la moto liliuyeyusha utando likakaa juu ya chuma chenyewe, na la baridi likabaki juu ya utando, ambao hupitisha joto kwa shida. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kuganda. Wataalamu hawajapatana: mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa jambo lenyewe.

Mwaka huu nimeomba tena, na ukurasa ule umejaa habari za makopo, hata zile mara nne yaliponishinda. Jibu halijaja. Shangazi naye aniuliza kila siku lini nitamrudishia friji yake.