Kabla ya Kumhukumu Mhusika: Hukumu na Huruma katika Riwaya

Ukisahihisha insha za fasihi kwa muda, utakutana mara nyingi na jibu la aina hii: "Rosa ni malaya kwa sababu alikuwa na wanaume wengi." Mtahiniwa ametaja sifa, akatoa thibitisho, akaingia aya nyingine. Je, amekosea? La hasha. Lakini amesema yale ambayo jirani yeyote wa Rosa angeyasema bila kuisoma riwaya. Kazi ya msomaji ni kuona zaidi ya jirani.

Makala hii inakusudia kukuonyesha, wewe mwalimu na wewe mtahiniwa, namna suala la hukumu na huruma linavyoweza kushughulikiwa. Tutarejelea riwaya mbili: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima katika KCSE.

Rosa na waliomfikisha alipofika

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Zakaria ni mlevi na mkali. Anapogundua kwamba bintiye ameandikiwa barua na kijana Charles, anampiga vibaya. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wavulana. Hapa Zakaria angeweza kujitetea kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, kupiga si kukunja. Rosa hakufunzwa namna ya kuishi na wavulana. Alifunzwa hofu tu. Anapoenda masomoni, mbali na macho ya baba yake, hofu inamwishia na hana kingine cha kumwongoza.

Mtahiniwa azingatie pia wanaume wanaomzunguka. Katika chuo cha ualimu cha Morogoro, mkuu wa chuo mwenyewe, aliyestahili kumlinda, ndiye anayemfanya mpenzi wake. Hatimaye Rosa anapotaka kuanza maisha mapya na Charles, anakataliwa kwa sababu ya yaliyopita, naye anajitoa uhai. Swali muhimu ni hili: mbona jamii inamwita Rosa kwa jina baya, na wanaume walioshirikiana naye hawana jina?

Je, tunamwondolea Rosa lawama zote? Hapana. Rosa ni mtu mwenye hiari, na baadhi ya hatua alizichukua mwenyewe. Kadhalika, Zakaria hakuzaliwa mlevi. Alikuwa mwalimu, na kazi ikampotea. Kumwelewa si kumtakasa. Ndiyo maana mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu mwishoni mwa riwaya, na Rosa anamlaumu baba yake. Kezilahabi anatuonyesha kwamba hukumu ya haki humtaka kila mshiriki asimame kizimbani, si yule mnyonge peke yake.

Mtoto Uhuru na vidole vya watu

Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani anamkuta mtoto mchanga ameachwa mlangoni pa kibanda chake. Yeye na Imani wanamlea na kumpa jina Uhuru. Mtoto anapougua wanampeleka hospitalini, ambako wauguzi wanamtelekeza hadi anafariki. Wanaotiwa mbaroni ni Amani na Imani. Baadaye tunajua kwamba baba wa mtoto huyo ni Mtemi Nasaba Bora, kiongozi anayeheshimiwa, aliyemzaa na msichana Lowela.

Hiki ni kinaya. Waliomhurumia mtoto wanaadhibiwa. Aliyemtupa anaendelea kuhukumu wengine. Mwandishi amefaulu kutuweka mahali ambapo tunajua ukweli ambao wanajamii hawaujui, ili tuone jinsi kidole kinavyonyoshwa kwa haraka.

Amani naye ana sababu ya kulipiza kisasi. Mswada wake uliibwa na Mwalimu Majisifu, akajipatia sifa kwa jasho la mwenziwe. Hata hivyo, ukweli unapojulikana Amani anamsamehe. Zingatia kuwa msamaha huu haufichi wizi. Huruma katika riwaya hii inakuja baada ya ukweli; haichukui nafasi yake.

Jinsi ya kujibu

Unapoulizwa kuhusu sifa za mhusika au maudhui ya haki katika Karatasi ya 102/3, jiulize kwanza:
1. Ni nani anayetoa hukumu: mhusika mwingine, msimulizi, au mimi msomaji?
2. Mwenye kuhukumu anajua nini, na hajui nini?
3. Ni nani mwingine anayehusika na kosa hilo ambaye hatajwi?

Sasa linganisha jibu la mwanzo na hili: "Rosa anakuwa mpotovu wa maadili anapojiingiza katika uhusiano na wanaume wengi. Hata hivyo, upotovu huu unatokana kwa kiasi kikubwa na malezi ya kikatili ya Zakaria, na unachochewa na watu wenye mamlaka kama mkuu wa chuo." Sifa imetajwa, chanzo kimeonyeshwa na thibitisho limetolewa. Mtahini ataona kwamba umeisoma riwaya.

Kwako mwalimu, kuna jambo lililo zaidi ya alama. Tangu 1994 sera ya elimu nchini Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Huenda yumo darasani mwako, ameketi nyuma, anasikiliza wenzake wakimwita Rosa malaya na darasa zima likicheka. Usipowauliza "kwa nini Rosa alifika hapo?", msichana huyo atakuwa amejua wanachomfikiria yeye. Ukiwauliza, atakuwa amejua kwamba kisa chake kinaweza kusomwa hadi mwisho kabla ya kuhukumiwa.

Zoezi

"Jamii humhukumu mnyonge na kumstahi mwenye nguvu." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya uliyoisoma. (alama 20)